Mionzi ya Kutibu Kansa: Kwa Nini Hutolewa Kidogo Kidogo?

Na Mganga Msaidizi, Chinongwe



Mwaka jana, wakati wa kuvuna ufuta, mama mmoja wa kijiji cha jirani alifika zahanati asubuhi na mapema. Nilimfahamu. Wiki chache nyuma tulimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko akapelekwa mbele hadi Dar es Salaam. Alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu."

"Mbona umerudi mapema? Barua yako inasema matibabu ni zaidi ya mwezi mzima."

Akakaa kwenye benchi, akanieleza. "Nimechomwa mara kumi, mwanangu. Ngozi ya kiunoni imekuwa nyeusi. Tumbo linaharisha. Lakini damu iliyokuwa inanitoka imekatika. Kama damu imekatika, mara kumi si inatosha? Tena, kama mashine ile ni dawa kweli, kwa nini wasinichome mara moja tu, kwa nguvu, nikarudi kwangu? Ufuta wangu unapasuka shambani."

Mama huyu aliuliza maswali mawili. Yote mawili ni ya maana, na watu wengi huyauliza. Somo letu la leo ni kuyajibu.

CHEMBE HAI NA KANSA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Chembe hizi ni ndogo sana. Jicho peke yake haliwezi kuziona. Tofauti na tofali ni kwamba chembe hai hugawanyika. Moja huwa mbili, mbili huwa nne.

Ukijikata kwa panga, chembe za ngozi zilizo kando ya kidonda hugawanyika mpaka kidonda kinafunga. Kikishafunga, zinaacha. Chembe nzima hujua wakati wa kuacha. Chembe ya kansa haijui. Inagawanyika tu, usiku na mchana, mpaka panatokea uvimbe. Kisha uvimbe unaingia sehemu za jirani na kuziharibu.

Ndani ya kila chembe kuna nyuzi nyembamba zinazobeba maagizo yote ya kazi ya chembe hiyo. Huitwa nyuzi za urithi, kwa kuwa ni kwa nyuzi hizo mtoto hurithi sura ya baba na mama. Kila uzi umefanywa kwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kama kamba. Tafadhali likumbuke jambo hili la kamba. Tutalihitaji.

MIONZI NI NINI?

Mwanga wa jua tunauona, na joto lake tunalihisi. Lakini ipo mionzi mingine isiyoonekana. Haina harufu na haiumi inapokupata. Mwaka 1895 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete kidoleni. Mwaka uliofuata tu, 1896, madaktari walikwisha anza kuijaribu kwa wagonjwa wa kansa.

Mionzi inapopita ndani ya chembe hai, hukata zile nyuzi za urithi. Ikikata upande mmoja wa kamba, si taabu kubwa. Chembe huunga kwa kufuata upande uliobaki mzima. Ikikata pande zote mbili mahali pamoja, kazi ya kuunga ni ngumu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mionzi haichagui. Inapopita kiunoni mwa mgonjwa, inazipiga chembe za kansa na chembe nzima zilizo karibu. Basi kwa nini za kansa hufa zaidi?

Kwa sababu ya namna kila moja inavyopokea pigo. Chembe nzima ikijeruhiwa husimama. Haigawanyiki kwanza. Hukagua nyuzi zake, huunga palipokatika, ndipo inaendelea na kazi. Sehemu kubwa ya ukarabati huo huisha kwa muda wa saa chache. Ikifika kesho yake asubuhi, chembe nyingi nzima zimekwisha jitengeneza. Chembe ya kansa ina haraka, na mara nyingi vyombo vyake vya kuunga nyuzi ni vibovu. Hugawanyika ikiwa bado na nyuzi zilizokatika, na hapo ndipo inapokufa. Pengine haifi mara ya kwanza inapogawanyika, ila mara ya pili au ya tatu.

Kwa hiyo uvimbe hauondoki siku ile ile. Huendelea kunywea hata wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Asiyejua hili huona siku tano zimepita na uvimbe upo pale pale, akasema, "Hii dawa ni uongo."

KONDOO WA PARIS

Swali la pili la mama, la kuchomwa mara moja kwa nguvu, liliwahi kuwasumbua hata madaktari wakubwa. Mwanzoni wengi walidhani pigo moja kubwa ni bora. Jibu lilipatikana kwa kondoo.

Katika miaka ya 1920, mjini Paris, Ufaransa, Claude Regaud na wenzake walifanya majaribio kwa kondoo dume. Walitaka kuwafanya wasizae kwa kupiga korodani kwa mionzi. Walipotoa mionzi yote kwa mara moja, ngozi iliyofunika korodani iliungua vibaya. Walipoigawa na kuitoa kidogo kidogo kwa siku nyingi, kondoo hawakuzaa tena, lakini ngozi ilibaki salama.

Regaud akawaza hivi. Ndani ya korodani chembe hugawanyika upesi bila kupumzika, kama chembe za kansa. Ngozi ni kama sehemu nzima zinazozunguka uvimbe. Kama mionzi ya kidogo kidogo imeweza kuzimaliza zile za ndani na kuiacha ngozi, basi itaweza kuimaliza kansa na kumwacha mgonjwa. Madaktari wa kansa hufuata njia hiyo mpaka leo, duniani kote na kwetu pia.

HESABU YA MAMA

Nguvu ya mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Kwa kansa ya mlango wa kizazi, mara nyingi mgonjwa hupewa grei 2 hivi kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Jumla ni mara 25, yaani grei 50. Baada ya hapo, au wiki za mwisho, huwekewa mionzi ya ndani: kifaa chembamba huingizwa mpaka karibu na uvimbe wenyewe, mionzi ikafanya kazi, kisha chanzo chake hutolewa. Wengi huongezewa dawa ya dripu mara moja kwa wiki ili mionzi ifanye kazi vizuri zaidi.

Mpate kuona nguvu ya grei hizi: mtu akipigwa mwili mzima kwa grei 4 hivi kwa mara moja, anaweza kufa asipopata matibabu. Mgonjwa wetu anapata 50 naye yu hai, kwa sababu zinaelekezwa mahali padogo, na kwa sababu zimegawanywa.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu.

Uvimbe wa ukubwa wa punje moja ya njugu mawe huweza kuwa na chembe kama milioni elfu moja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila siku mashine inaua nusu ya chembe zilizopo. Siku ya kwanza zitabaki milioni 500. Siku ya pili milioni 250. Siku ya tatu milioni 125. Endeleeni wenyewe kugawa kwa mbili mpaka mara ya kumi.

Mmepata ngapi? Zinabaki karibu milioni moja.

Hilo ndilo jibu la mama. Baada ya mara kumi damu imekatika, maumivu yamepungua, na daktari akipapasa huenda asione kitu kikubwa. Lakini milioni moja zipo, na kila moja inaweza kuzaa uvimbe mpya. Ukifika mara 25, kwa hesabu hiyo hiyo, zinabaki kama 30. Hizo ndizo zinazomaliziwa na mionzi ya ndani. Mwili wa mtu haufuati hesabu ya ubaoni sawasawa, lakini mwendo wake ni huo.

Mkulima yeyote aliyepambana na ndago anajua. Ukipalilia mara moja, shamba linapendeza kwa macho. Ukiliacha wiki mbili, ndago hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Na kansa ni hivyo. Chembe zilizobaki, hasa baada ya wiki tatu au nne za matibabu, huanza kugawanyika kwa kasi zaidi. Ndiyo maana wataalamu wanataka matibabu yote ya kansa hii, ya nje na ya ndani, yaishe katika wiki nane. Wamekadiria kwamba kila siku inayoongezeka hupunguza nafasi ya kuishinda kansa kwa karibu asilimia 1. Siku kumi za kuvuna ufuta ni bei kubwa sana.

DAMU NA HEWA

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana vijijini, nalo linatuhusu sana sisi wa mikoa ya malaria na minyoo. Mionzi hufanya kazi vizuri penye hewa ya oksijeni, na oksijeni hubebwa na damu. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, na chembe za huko ni sugu. Chembe za nje zikifa siku za kwanza, uvimbe hunywea, damu hufika ndani, na zile sugu nazo zinakuwa laini kwa pigo la siku zinazofuata. Hii ni sababu nyingine ya kutoa mionzi kwa siku nyingi.

Lakini kama mgonjwa mwenyewe hana damu ya kutosha, mionzi inapoteza sehemu ya nguvu zake. Mama aliyetokwa damu miezi sita mara nyingi hufika Dar es Salaam akiwa mweupe viganja. Ndiyo maana hospitalini humpima damu, na pengine humwongezea, kabla ya kuanza. Wasidhani wanacheleweshwa. Na nyumbani, ndugu wamlishe mgonjwa kisamvu, kunde, samaki, mayai, na kila chakula kinachopatikana. Akihisi homa apimwe malaria upesi.

MIONZI KIDOGO SANA

Kijana mmoja wa darasa letu la jioni aliniuliza: kama mionzi inaua kansa, kwa nini picha ya eksirei ya kifua haiponyi kansa?

Kwa sababu ni kidogo mno. Picha moja ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya grei. Mionzi midogo kama hiyo tunaipata kila siku bila mashine yoyote, kutoka mawe, udongo, chakula, hewa, na kutoka juu angani. Watu wa zamani waliishi nayo, nasi tunaishi nayo. Chembe zetu huunga majeraha hayo madogo siku zote.

Yapo maajabu kidogo hapa. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Uingereza, Marples na Joiner, walichapisha uchunguzi wa chembe za mnyama mdogo aina ya panya zilizokuzwa maabara. Waliona kwamba kwa mionzi midogo, chini ya nusu grei, chembe zilikufa zaidi kuliko walivyotazamia. Maelezo yanayotolewa ni kama ya mlinzi wa ghala. Mwizi akivunja mlango, mlinzi huamka. Akitoboa gunia kwa sindano, mlinzi analala, na mahindi yanavuja. Jeraha dogo sana haliwaamshi mafundi wa chembe. Madaktari wamelijaribu jambo hili kwa wagonjwa pia, lakini matibabu ya kawaida yamebaki ni yale ya grei 2 hivi kwa siku.

Basi mionzi kidogo ni salama kabisa? Haifai kuichezea. Chembe nzima ikiunga uzi vibaya, inaweza kuishi na kosa hilo, na baada ya miaka mingi kosa likazaa kansa. Watu walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945 wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na waliopata mionzi mingi zaidi wamepata kansa zaidi. Kwa mionzi midogo ya picha, hatari hiyo ni ndogo mno hata ni vigumu kuiona, lakini madaktari huona heri kutahadhari. Hasa kwa mimba. Katika miaka ya 1950, Daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walipata kansa zaidi ya wengine. Kwa hiyo mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, amwambie mpiga picha kabla hajapanda mezani. Asione aibu. Na kama daktari anasema picha ya kifua inahitajika kwa sababu ya kifua kikuu, apige. Kifua kikuu kisichotibiwa kinaweza kuua.

UVUMI WA KIJIJINI

Mama yule alipolala kwa binti yake siku ile, wajukuu walizuiwa kumkaribia. Watu walisema ana mionzi mwilini na ataambukiza. Si kweli. Mashine ya nje ni kama taa. Ikizimwa, mwanga umekwisha, haubaki chumbani. Mionzi ya ndani nayo, chanzo chake kikitolewa, hakuna kinachobaki. Mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka ale sahani moja na wenzake, awabebe wajukuu zake.

Ngozi kuwa nyeusi na tumbo kuharisha ni kweli. Hizo ni chembe nzima zinazogawanyika upesi, za ngozi na za utumbo, nazo zimeguswa. Nyingi hurudia hali yake wiki chache baada ya matibabu kwisha. Mgonjwa avae khanga laini isiyobana, aoshe ngozi kwa maji bila kusugua, asipake mafuta wala dawa ya majani mahali pale bila kuuliza. Asifute alama za wino alizochorwa, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha mashine mahali pa kulenga. Akiharisha, anywe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, na awaambie wauguzi siku hiyo hiyo. Uchovu ni wa kawaida, apumzike. Ziko pia athari chache zinazoweza kuja baada ya miezi au miaka, kama damu kwenye mkojo au choo. Hizo asizifiche, arudi hospitali.

SAFARI NA SHAMBA

Hospitali ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Mwaka 1996 ilifanywa kwa sheria kuwa Taasisi ya Saratani. Kwa miaka mingi ilitumia mashine za kobalti, na mwaka 2018 zikaongezwa mashine mpya zinazolenga vizuri zaidi. Bugando, Mwanza, nako mionzi ya kutibu hutolewa. Kwetu njia huanzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Sokoine Lindi au hospitali ya rufaa ya kanda Mtwara. Chukueni barua kila hatua. Asiye na uwezo aulize mtu wa ustawi wa jamii pale hospitali, kabla hajakata tamaa.

Nakiri kwamba siku ile maelezo ya grei na nyuzi hayakumrudisha mama Dar es Salaam. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwanangu, lakini ufuta?" Kilichomrudisha ni mjomba wake. Mzee yule aliita ndugu, wakagawana shamba, vijana wakakata na kufunga matita kwa siku mbili. Nilipiga simu hospitali kueleza hali yake. Binti yake akamsindikiza. Alikuwa amepoteza siku tisa, na madaktari walilazimika kupiga hesabu upya na kuongeza siku.

Alimaliza. Siwezi kuwaambia kwamba amepona, kwa kuwa kwa kansa hii madaktari huhesabu miaka mitano. Anakwenda kupimwa kila anapopangiwa, na msimu huu amelima mwenyewe.

KABLA YA MIONZI

Kansa ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa kansa za wanawake nchini, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Tangu mwaka 2018 chanjo yake hutolewa nchini. Ilianza kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mama, kuna kipimo chepesi. Mhudumu hupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama panageuka rangi kuwa nyeupe. Hakiumi, na majibu ni pale pale. Doa likionekana mapema hutibiwa siku hiyo au baada ya siku chache, bila safari ya Dar es Salaam.

Mama yeyote anayetokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, au anayetokwa uchafu wenye harufu mbaya usiokoma kwa dawa, asingoje mavuno.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Chembe nzima hufanya nini ikijeruhiwa na mionzi? Chembe ya kansa je?

2. Uvimbe una chembe milioni 64. Kila siku nusu zinakufa. Baada ya siku sita zimebaki ngapi?

3. Kwa nini kondoo wa Paris hawakuungua ngozi mionzi ilipotolewa kwa siku nyingi?

4. Mgonjwa wa kitongoji chenu anatakiwa kukaa Dar es Salaam wiki saba. Nani atalima shamba lake, nani atabaki na watoto, na nauli ya msindikizaji itatoka wapi? Andikeni majina.